Akiba Haiozi

Salme alipofariki, wifi yangu wa Võru,
ilituchukua Jumamosi kumi na moja kuimaliza nyumba yake.
Kumi na moja. Nilizihesabu kwa kiuno.
Mifuko ndani ya mifuko ndani ya mifuko,
funguo ishirini na tatu, na nyumba ina milango minne,
nywele za mtu, zimesukwa, ndani ya bahasha isiyo na jina.
Binti yake, Aita, aliketi sakafuni akalia.
Si kwa ajili ya mama, alisema.
Kwa ajili ya Jumamosi.

Nikarudi Tartu, nikafungua kabati langu,
nikaona: kumbe nami ni Salme.

Akiba haiozi, watu husema.
Waje waione rafu ya juu.
Sisi tulikulia kwenye foleni:
unasimama kwanza,
halafu ndipo unauliza kinachouzwa.
Aliyelelewa hivyo hatupi kitu.
Endel aliacha kopo, ameliandika kwa mkono wake:
"Misumari iliyopinda, ya kunyooshwa."
Mwaka wa tisa huu yuko chini ya misonobari,
na misumari bado imepinda.

Basi, droo moja kwa siku, kabla ya kahawa.
Sina haraka, ila nina miaka themanini na moja.

Urmas yuko Turku, anajenga nyumba za wengine.
Huja kwa feri, halafu basi, na mkoba mmoja,
na mgongo ambao si wa kubeba kabati tena.
Nikimweleza kwenye simu, ananikatiza:
Mama, usiseme hivyo.
Mimi nazungumzia kabati,
yeye anasikia jeneza.

Bilauri za kioo chenye nakshi, kumi na mbili,
mishahara ya miezi mitatu, zamani zile,
nilizipeleka duka la mitumba.
Msichana mwenye kipini kwenye nyusi alinitazama kwa huruma:
Bibi, hizi tunazo nyingi.
Nikarudi nazo kando ya mto,
zikigongana kikapuni, hatua kwa hatua,
kama harusi inayopita
bila bwana, bila bibi.

Barua za Heino, hizo hazikuwa za duka.
Kumi na nne, kabla ya Endel, kutoka jeshini.
Nilizisoma zote nimesimama, koti mwilini,
kisha nikazitia jikoni, juu ya kuni za mbetula.
Nusu karne nimezificha nyuma ya unga,
nikitetemeka kila mtu akitaka kuoka keki,
na hazikuchemsha hata birika.

Mali bila daftari, mwisho wake naujua,
kwa hiyo nimenunua daftari.
Saa ya ukutani: Aita, ingawa inachelewa.
Cherehani: mjukuu wangu Berit, akijifunza kutunga uzi.
Nyuma ya kila picha nimeandika majina.
Wawili sikuwakumbuka kabisa.
Nimeandika: "Watu wema. Walikuwa wakicheka."

Na chupa za jemu, tupu, arobaini na sita,
nilimpa Maimu wa chini, mwezi wa Mei.
Jinsi rafu ilivyong'aa! Nilipitisha kiganja
juu ya ubao mtupu, nikajivunia
kama mtu aliyelipa deni.

Lakini mwaka huu matufaha yalizaa bila adabu.
Matawi yalivunjika usiku, tukiyasikia kitandani.
Jana mlango unagongwa: Maimu, anahema,
mikono inanata, ngazi nzima inanukia mdalasini.
Chupa zangu.
Zimepanda orofa mbili kurudi nyumbani,
na safari hii zimejaa.

Nilitaka kukasirika. Nikatafuta mahali pa kuanzia,
nikakosa.

Nimezipanga rafu ya juu, palepale,
nikachukua karatasi ya gundi na kalamu ya daftari:
Urmas, hizi usizigawe,
usizihesabu.
Njoo na kijiko.