Tone la Saa Nane

Jumanne, nikirudi kazini
na mikono bado inanuka grisi ya reli,
nilimkuta Polenta amefumba jicho moja
kama mtu anayelenga shabaha.
Nilicheka. Ndiyo, nilicheka.
Nikamuuliza: unamkonyeza nani, mzee?
Nikaongeza nyasi, nikabadilisha maji, nikalala.

Jumatano kope zilikuwa zimegandana.
Nilipozilainisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu,
ndani palikuwa na weupe,
weupe wa maji ya kwanza ya kuoshea mchele.
Macho hayana pazia, hunena wanenao.
La Polenta lilikuwa nalo,
limeshushwa nusu.

Kwenye kabati la bafuni kuna kichupa,
matone yangu mwenyewe ya mwaka jana.
Nilikifungua. Nilikwisha kukiinua.
Sijui nini kilinizuia;
pengine ni uvivu tu wa kutafuta miwani nisome lebo.
Daktari Caduff alipokiona alikitupa pipani.
"Hii ingelitoboa hilo jicho," alisema,
na akanawa mikono kwa muda mrefu.

Alidondosha rangi ya chungwa, akazima taa,
akawasha kurunzi ya buluu,
na pale, juu ya weusi wa jicho,
mkwaruzo ukawaka kijani:
mdogo, umepinda,
kama alama ya mkato katika barua isiyo na maneno.
"Bua," alisema. "Nyasi za ukataji wa kwanza, ngumu.
Simbilisi huzamisha kichwa chote,
na macho yao yamechomoza hivi, kama vifungo vya koti."

Nyasi hizo nilizinunua mimi.
Gunia kubwa. Bei ya punguzo.

Tone kila baada ya saa nne:
saa nne za usiku, saa nane, saa kumi na mbili theluji ikiwa bado nyeusi.
Namvingirisha kwa taulo, anakuwa mkate wenye pua.
Mkono utokee kisogoni, asikione kichupa kikija.
Kidole kiinue kope la juu, tone lianguke.
Kisha ni kungoja dakika tano kabla ya dawa ya pili,
na dakika tano za saa nane ya usiku, mjini Ilanz,
ni ndefu kuliko handaki lolote nililowahi kulikarabati.
Kapuni, mwenzake, anazunguka banda akipiga miluzi
mpaka nimrudishe.
Halafu uji wa nyasi, kwa bomba la sindano lisilo na sindano,
maana simbilisi mwenye maumivu huacha kula,
na tumbo likisimama
jicho halina tena wa kumwonea.

"Wewe unaona tu," mama yake Ladina alikuwa akiniambia.
"Huangalii."
Miaka tisa nilidhani ni mchezo wa maneno.

Ladina anafika Ijumaa, treni ya saa kumi na moja na dakika kumi na mbili.
Hao simbilisi ni wake; majina ya vyakula aliwapa yeye,
akiwa na miaka sita na njaa.
Nimemwandalia sentensi tatu.
Ya kwanza inaanza na nyasi.
Ya pili inaanza na zamu zangu za usiku.
Ya tatu ina neno "nilicheka", nami nimeifuta mara mbili.

Gunia lote nimelimwaga juu ya meza ya kulia.
Nachambua kama mchele wa sikukuu:
mabua magumu kushoto, majani laini kulia,
na katikati, kwa sababu sijui pa kuliweka,
ua moja la zambarau
lililokaushwa likasahau kupoteza rangi.

Polenta anafungua jicho.
Pazia limepanda kidogo,
au ni taa ya jikoni.
Nasogea, napiga magoti kwenye vigae vya baridi.
Bado sijui.

Ni saa nane kasorobo.
Kichupa nimekifumbata kiganjani
kipate joto.