Usaili wa Tatu

Saa tatu kasorobo. Mvua ya Feira haijaamua
inyeshe au iache.
Viatu vyangu vinachuruzika juu ya sakafu ya koki
inayokunywa maji bila kusema asante.
Binti wa mapokezi, Jacinta, anauliza:
"Umekuja kwa nafasi ya ukarani?"
Hapana, mwanangu. Ya mkuu wa fedha.
Anatazama orodha, kisha mvi zangu, kisha orodha tena.

Usaili wa kwanza ulikuwa wa simu. Kijana wa Lisbon
alitaka kujua ningekuwa mnyama, ningekuwa yupi.
Nikasema punda.
Kimya.
Nikaongeza: mzigo utafika.

Wa pili ulikuwa mtihani: dakika tisini,
jedwali la mistari elfu nne,
na kosa moja walilolificha ndani kama mwiba wa samaki.
Niliyakuta matatu.
Mawili hawakuyaficha wao.

Leo wapo wanne mezani.
Mwenye kiwanda cha vizibo, Bwana Vasconcelos,
mjukuu wa mwenye kiwanda.
Bi Graça wa utumishi, na kalamu yake ya zambarau.
Mkaguzi wa nje, anayesoma kucha zake.
Na Anselmo, ambaye nilimfundisha urari
enzi hizo debiti na krediti akizichanganya kama chumvi na sukari.
Ndiye anayeuliza:
"Bi Deolinda, tueleze udhaifu wako."

Nilikuwa nimekariri jibu. Kwamba napenda mno ukamilifu, n.k.
Likanikwama.

Nikasema: niliwahi kusaini.
Kiwanda cha viatu, kule bondeni. Ghalani
soli elfu sitini za mtindo uliokwisha kufa,
lakini kwenye mizania zilikuwa hai,
zinapumua kwa bei kamili.
Mkurugenzi alinishika bega: "Robo hii tu, Deolinda."
Robo ikazaa robo.
Benki ilipokuja na kufuli
wanawake themanini na wawili walitoka, aproni mkononi.
Mmoja ni binamu yangu, Ermelinda.
Hata leo tukikutana sokoni
ananiita kwa jina langu kamili, la ukoo na la ubatizo,
kama mtu asomaye bahasha.

Bi Graça ameacha kuandika.
Vasconcelos anakohoa. "Na ghala letu sisi?"

Nimepita uani nikija, namwambia.
Yale marobota ya nyuma, ya mavuno ya mwaka wa sita huu,
yameota kuvu la kijani.
Ripoti yenu inayaita mali.
Mimi ningeyaita kwa jina lake.

Mkaguzi ananitazama kwa mara ya kwanza.
Anselmo anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo,
vile alivyokuwa akifanya
hesabu ikikubali usiku wa manane.

"Mshahara unaotarajia?"
Nikautaja. Sauti ilitetemeka kidogo, nikautaja tena.
"Ni mkubwa, kwa umri wako."
Mimi si mtambo, bwana.
Siandikiwi uchakavu kila Desemba.

"Tutakupigia."
Wote husema hivyo; hata wale ambao hawana namba yako.

Mlangoni Jacinta ananipa mwavuli,
ulisahauliwa na msailiwa wa jana.
"Utaurudisha lini?"
Sijui, namjibu. Uandike kwenye madeni.

Nje, mvua imeamua.