Kiti cha Mtu

Mwanakombo alipiga simu Jumatano, mafua yamemjaa.
Jumamosi, akasema, washeni televisheni,
ni zile tuzo za waimbaji wa Uingereza, za kila mwaka,
na safari hii nimo ukumbini.
Mama akauliza, "Utaimba?"
Aliuliza kwa hofu. Amewahi kumsikia.

"Siimbi, Mama. Nitakaa."

Kazi yenyewe ndiyo hiyo, kukaa.
Mkubwa akiinuka kwenda msalani,
au akiitwa jukwaani kupokea sanamu yake,
kiti kitupu huharibu picha.
Kwa hiyo wamepanga watu ukutani,
nguo nyeusi, viatu visivyolia,
unaguswa bega: meza ya sita, haraka,
nawe unakwenda kuliziba pengo
mpaka mwenyewe arudi.
Glasi usiguse.
Wakicheka, cheka.

Huku Ngamiani, Mama alikwenda kwa kamati ya mtaa
akaazima viti tisa vya plastiki,
vya kijani, mgongoni vimeandikwa kwa rangi nyeupe
MSIBA B. YA 14 HAVIUZWI.
Kijana wa Semboja alipanda batini kugeuza ungo,
sisi chini tunampigia kelele: imekuja! imepotea!
rudisha ulipokuwa!
na ilipokaa sawa, akaambiwa asishuke.

Saa tano za usiku, kaskazi imetufunga vifua,
feni inazungusha joto lile lile.
Waliimba ndani ya moshi. Waliimba wakining'inia kwa kamba.
Binti mmoja mwenye nywele za rangi ya ukwaju
alisimama na karatasi, akashindwa kuisoma.
"Huyu naye kakosa nini?" Mzee Mhina akauliza.
"Kashinda."
"Mbona analia?"
"Kashinda, Mzee. Wanalia wakishinda."
Akalifikiri hilo hadi tangazo la sabuni.

Halafu kamera ikateleza juu ya meza,
na pale, nyuma ya ndoo ya barafu,
shingo.
Mimi niliona mwanamke mweusi mwenye nguo nyeusi.
Bi Riziki aliona hereni, akasema si yeye.
Mama hakuwa na haja ya uso.
Alisimama. Shingo ile aliipaka mafuta ya nazi miaka saba,
aliipiga kofi moja tu, siku ya ile baiskeli ya Mhindi,
na hata leo hulitaja.
"Kombo!" akaiita televisheni,
na Semboja kule juu akaitika, "Niguse?"
"Usiguse!" watu wanane kwa pamoja.

Mwanangu alihesabu. Sekunde nne.
Binti wa ukwaju alirudi na sanamu kwapani,
Mwanakombo akainuka, akajikunja
kama anayepita mbele ya wanaosali,
akatoka kwenye picha.

"Wamemwinua," Mama akasema.
"Ni kiti cha mtu, Mama. Ndiyo kazi."
"Nimekiona kiti. Nauliza yeye wamempeleka wapi."

Hakuna aliyejua.
Tuliangalia mpaka mwisho, tuzo baada ya tuzo,
hatujui nani mshindi wa nini,
tunatazama kando kando tu, ukutani, gizani,
pale ambapo kamera haina shughuli.

Asubuhi niliviosha viti, nikavipanga mkokotenini.
Vinane.
Cha tisa Mama amekiweka ukumbini, upande wa dirisha,
juu yake kanga iliyokunjwa mara nne,
na mgeni akikisogelea hukohoa.
Jana katibu wa kamati alikuja na daftari lake.
Mama akamkaribisha mkekani, akammiminia maziwa,
akamuuliza hali ya mkewe, ya watoto, ya kisima,
mpaka mtu wa watu akaaga
na daftari hajalifungua.

Mwaka wa nne huu.
Hapa pengo lake halijapata wa kuliziba,
wala hatujatangaza kazi.