Vipimo

Ziha, umerudi kutoka Muhumba
na habari imekutoka mdomoni kabla viatu havijakutoka miguuni:
bosi anahama, nyumba inarudi kwa mwenyewe,
na lile jibwa lake la kijivu, Baroni,
anakupa wewe. Bure.

Bure. Kaa kwanza.
Mimi ni fundi cherehani,
sikati kitambaa kabla ya kupima.

Mlango wetu: sentimita sitini na nane.
Niliupima jana usiku ukiwa umelala.
Kichochoro cha kutoka kwa Mama Cibalonza hadi bombani:
watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu
na kuomba radhi.
Baroni atageuka ubavu upi?

Tuje kwenye sufuria.
Unasema anakula kama mtu. Mtu gani?
Kama wewe, au kama wale vijana wanaopakua saruji bandarini?
Bugali asubuhi, bugali jioni,
vichwa vya samaki, mifupa ambayo bado ina nyama,
na mwezi ukiwa mrefu, bosi akiwa Ulaya,
nani atamweleza mbwa kwamba mshahara umechelewa?
Watoto huelewa.
Nsimire ana miaka sita, ameshaelewa.

Ukubwa ni jalala, husema watu.
Kwa huyu, jalala ni viungo vyake.
Daktari wa mifugo wa Nyawera, yule niliyemshonea koti,
aliniambia nikiwa nampima mabega:
mbwa wa namna hiyo huzeeka upesi.
Miaka saba, minane,
moyo umechoka kusukuma damu hadi mbali hivyo,
nyonga zinalegea kama bawaba za kabati.
Na sisi tunakaa Kadutu, Ziha.
Kadutu si mahali, ni ngazi.
Mvua ya Novemba ikianza kuvuta udongo
hata mbuzi hufikiri mara mbili.
Siku atakaposhindwa kusimama, kilo sabini,
tutamteremsha kwa nini?
Tuung'oe mlango tuufanye machela?

Unasema atalinda.
Wezi wataogopa, sikatai.
Na wateja wangu je?
Na yule mdogo wa Namegabe anayekuja kuomba moto,
ambaye kwa pigo moja la mkia
angelalia makaa aliyoyabeba?
Hana ubaya, unasema.
Najua. Hata mvua haina ubaya.

Haya, nikwambie nililolificha.
Jumapili baada ya misa nilikwenda mwenyewe,
tepu imejikunja mkobani,
kama mama anayekwenda kumchunguza mchumba wa mwanawe.
Masanduku yalikuwa yamepangwa barazani.
Hakubweka. Alinusa sketi yangu,
akaikuta harufu yako, akasimama.
Kifua: tisini na tisa.
Shingo: hamsini na nne.
Bega hadi ardhini: themanini na moja.
Alitulia, mguu mmoja mbele,
kama mteja aliyezoea kushonewa,
kisha kichwa chake, chote, akanitua nacho begani,
nikashindwa kuinuka.
Lakini macho hayakuwa kwangu.
Alikuwa akiliangalia lango.

Hapo ndipo nilipokosa kipimo.
Mlango unapimika, unga unapimika,
hata miaka minane naweza kuigawa kwa vidole.
Ila atakayelala kwenye kizingiti chetu
akisubiri gari ambalo haliwezi kupanda Kadutu,
huyo atasubiri mita ngapi?
Na wewe, mwenye kuondoka alfajiri,
utamwachia nani kazi ya kusubiri pamoja naye?

Nimeyaandika yote kwenye daftari la oda,
kati ya sare za kwaya na gauni la Mama Cibalonza.
Jina: Baroni. Kifua, shingo, kimo.
Malipo ya awali: hakuna.
Tarehe ya kuchukua nimeiacha wazi.

Usinitazame hivyo. Sijasema ndiyo.
Nimeuliza tu bei ya sufuria,
ile kubwa,
ya kupikia misibani.