Mstari wa Nukta

Daktari pale Kitete, Tabora, aliuliza:
"Kwenu nani mwingine huumwa hivi?"
Si mama. Mama alituzaa saba.

Shangazi Kalunde, basi:
kila mwezi amejikunja kama jongoo
nyuma ya mizinga ya nyuki, anatafuna pindo la kitenge.
Talaka mbili. Mgumba, wakamwita,
na baba akacheka nao.

Utando wa mji wa mimba, daktari asema,
umehamia nje ya mji.
Akachora mstari wa nukta, maana hana hakika:
toka kwa Kalunde ukapanda kwa bibi,
ukashuka kwa baba,
baba asiyejua hedhi,
ukanifikia.

Wifi zangu wameanza kuhesabu miezi.

Shangazi, shika karatasi hii.
Husomi, najua. Weka kidole:
huyu wewe.
Huyu mimi.
Huyu katikati, aliyecheka.