Mshika Koroboi

Watu wa chuo walikuja Isongole na kinasa sauti,
wakauliza habari za Bi Subilaga, mwandishi.
Nikawapa viazi vya kuchemsha, maana nje kulikuwa na ukungu
wa kukata kwa panga,
nikawaambia yale wanayopenda kusikia:

kwamba barua zake gazetini alitia sahihi S. Mwakatobe,
na wanaume sokoni wakampongeza baba,
karani wa pareto, ambaye maisha yake yote
aliandika uzito wa magunia tu.
Naye baba akavua kofia, akapokea.
Miezi minne alikuwa mwenye hekima.
Mpaka ikatoka barua ya tano:
"Ng'ombe saba si risiti. Mke harudishwi dukani,
wala hapigwi ili ijulikane kama ni mzima."
Kilabuni walicheka hadi pombe ikawatoka puani.

Baba hakupiga mtu. Hakuchoma kitu.
Aliuza meza.

Hayo wakayanasa. Wakashukuru.

Hawakuuliza baadaye aliandikia wapi.
Aliandikia juu ya ungo, ungo umelala magotini,
na aliyeshika koroboi ni mama yangu, Kisa,
mke mdogo, asiyejua a wala be,
usiku hadi usiku, moshi ukimwingia jicho la kushoto,
jicho ambalo hadi anakufa lilitoa machozi peke yake
hata kwenye harusi.
Mahindi ya Subilaga alitwanga mama.
Maji ya Subilaga alichota mama.
Mimi mwenyewe Subilaga alinibeba mara mbili,
na mara zote mbili alikuwa anatafuta penseli.

Sisemi hawakupendana.
Baridi ya Julai walilala kitanda kimoja,
miguu ya huyu ndani ya sketi ya yule,
wakimcheka baba kwa Kinyakyusa cha chini chini.

Nilipofika darasa la tatu nikafungua daftari la bluu.
Ukurasa wa kumi na moja:
"Wapo wanawake walio kama kinu.
Hutwangiwa ndani, nao hudhani kishindo kile ni sauti yao.
Ninaye mmoja nyumbani."

Mama alikuwa anamenya viazi. Akainua uso:
"Hapo pameandikwaje?"
Nikasema, "Pameandikwa jina lako."
Akafuta mikono kwa khanga, kidole baada ya kidole,
akaja akagusa karatasi. Si hapo, juu kidogo.
Sikumsogeza mkono.
Chumba cha pili, Subilaga alikohoa.

Wote wamekwenda sasa. Juzi nimelipekua tena, kwa miwani.
Mstari ule wa mwisho umekatwa kwa penseli,
umekatwa mara mbili, hata karatasi ikachanika.
Siku ile haukuwa umekatwa. Naapa.
Na pembeni hakuandika kitu,
yeye aliyekuwa na neno kwa kila mtu,
kwa mkuu wa wilaya, kwa mchungaji, kwa wauza pembejeo.

Watu wa chuo wameniletea barua yenye muhuri,
wanaliomba daftari la Subilaga.
Sijajibu.
Linanuka mafuta ya taa mpaka leo.