Namba 217

Alikuja na kulungu dume nyuma ya gari,
ulimi umelegea pembeni, masikio yamejaa mvua,
Rudy Kangasniemi,
na jaketi lake la chungwa lililofifia
hadi likawa rangi ya chai ya maziwa.
Novemba ile haikugandisha hata ndoo.
Theluji ilianguka asubuhi, saa sita ni tope,
na bucha yangu ilinuka damu,
vumbi la mifupa na kahawa iliyoungua.

"Yote," akasema.
Nikadhani sikusikia; msumeno ulikuwa unalia.
"Yote, Vieno. Wape wa kanisani.
Sibakizi hata ini."

Hata ini!
Kwa mama yake, ini la kulungu wa kwanza
lilikaangwa na vitunguu usiku uleule,
na aliyelala aliamshwa.
Nikamtazama. Yeye akatazama kalenda ukutani
kama mtu anayesoma barua ya deni.

Nikamwandikia risiti: dume, pembe nane,
ratili sitini na moja bila mifupa,
namba mia mbili kumi na saba.
Kisha vidole, polepole, kutafuta risasi;
nyama iliyopakana na jeraha naitupa,
maana mtoto wa mtu ataitafuna.
Kisha mashine, mfuko, muhuri,
ratili mbili, ratili mbili,
hadi friza ikajaa matofali mekundu.

Wapo wanaotoa kwa honi.
Yupo anayetaka apigwe picha na kwato.
Yupo aletaye wa pili kwa kuwa wa kwanza
amemjazia jokofu, na mkewe amesema basi.
Siwacheki.
Nyama ya mwenye majivuno nayo huiva.

*

Februari nikashusha maboksi kanisani,
ngazi kumi na moja, chini kwenye harufu
ya makoti mabichi na supu ya dengu.
Bi Dorothea Lacasse anagawa,
glavu zake zimekatwa vidole,
haulizi mtu jina, anauliza tu:
"Mko wangapi nyumbani?"

Kwenye foleni, nyuma ya mama mwenye pacha,
kofia imevutwa hadi kwenye nyusi:
Rudy.
"Mmoja," akajibu.
Akapewa maharage, shayiri, mafuta, pakiti mbili.
Bi Dorothea hasomi mihuri.
Rudy aliisoma.
Akaigeuza pakiti, akaigeuza tena,
akaipima kiganjani bila haraka,
kama unavyompima mtoto wa jirani
uliyemwacha akitambaa.

Nilimkuta nje akiwa na boksi kifuani.
Hatukuanza na habari.
"Umeme walikata Oktoba," akasema.
"Ningeiweka wapi, na lile joto?
Kunguru wangekula, na mbweha wangeitana.
Bora watu."

Nimesikia tangu utoto
kwamba kutoa ni moyo.
Sasa sijui.
Labda mara nyingine kutoa ni friza iliyozimwa,
ni mtu aliyekataa kitu kioze mikononi mwake,
na moyo huja baadaye, kwa miguu,
ukipanda ngazi kumi na moja
na boksi la maharage.

"Na sasa?" nikamuuliza.
"Sasa baridi ni ya bure," akasema,
akaonyesha kwa kidevu huko kwake,
ng'ambo ya mgodi uliofungwa.
"Barazani kwangu hata siki inaganda."

Akapiga hatua tatu, akasimama.
"Lile ini.
Ulilipeleka wapi?"

Kanisani hawapokei ini. Ningeweza kumdanganya.
"Nililila," nikasema. "Usiku uleule."
"Na vitunguu?"
"Na vitunguu."

Akafikiri kidogo, pumzi yake ikimzunguka.
"Uliamsha mtu?"

"Sina wa kumwamsha, Rudy."

Akatikisa kichwa, akaweka boksi juu ya boneti,
akatoa pakiti moja, akanipa.